Chokaa kwenye moyo wa kuku

Mama mmoja wa Pongwe aliniletea kuku aliyekufa usiku. "Dokta, mdondo umeingia, na mimi nilichanja!" Nilipompasua, nikakuta figo zimevimba na kupauka, moyo umefunikwa utando mweupe kama umepakwa chokaa.

Weupe ule ni asidi ya yuriki. Sisi taka ya protini tunaitoa kwenye mkojo kama yurea. Ndege huitoa kama asidi ya yuriki, ule weupe unaouona juu ya kinyesi chake. Baadhi ya aina za kirusi cha mkamba wa kuku, ugonjwa tofauti na mdondo, hushambulia figo. Figo zikizidiwa, asidi hupanda kwenye damu hadi inaganda juu ya moyo na ini. Kinachoniumiza ni kwamba kupima asidi hii kwenye damu huchelewa kuonyesha tatizo: sehemu kubwa ya figo huwa imeshakufa ndipo namba ipande. Tena kuku aliyekosa maji huishia vilevile, ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mama lilikuwa kuhusu chombo cha maji.

Kemia ya damu haitaji jina la kirusi. Inaonyesha kiungo kilichoumia, na hata hapo inataka kusomwa kwa uangalifu. Kimeng'enya cha AST hupanda ini likiumia, lakini kimo pia kwenye misuli, hivyo nakipima pamoja na CK, kimeng'enya cha misuli ambacho ini halikitoi. Bilirubini, rangi ya nyongo inayopimwa kwa binadamu, siipimi kabisa: rangi kuu ya nyongo ya ndege ni biliverdini, ya kijani, na ndiyo inayopaka rangi kinyesi cha kuku mgonjwa asiyekula.

Kwa ndege wa porini mambo ni magumu zaidi. Vitwitwi wanaofika ufukwe wa Sahare kutoka kaskazini ya mbali hupigana na wavu tunaowanasia ili tuwapime, na kupigana huko peke yake hupandisha CK na AST. Asiyejua ataandika ugonjwa wa ini kwa ndege mzima. Damu yenyewe ni haba: hatuchukui zaidi ya asilimia 1 ya uzito, kwa hiyo kitwitwi wa gramu 50 hutoa nusu mililita tu. Na viwango vya kuku wa kienyeji usivitumie kumpimia kitwitwi.

Vipande vya figo za yule kuku nimevipeleka vikatafutwe kirusi. Mama ameshawatenga waliobaki, na chombo cha maji amekihamishia kivulini.