Usajili wa Kozi Vyuoni na Wanafunzi Wenye Ulemavu: Yasemwayo na Ukweli Wenyewe

Kila mwaka wanafunzi wapya wanaporipoti katika vyuo vya Nakuru, Kisumu, Kakamega na miji ya jirani, husikika kauli ambazo zimerudiwa mno hata wazazi wa wanafunzi wenye ulemavu huzipokea bila kuhoji. Kauli hizo zina madhara, kwa kuwa mengi yanayoamua iwapo mwanafunzi atahudhuria masomo au atabaki bwenini huamuliwa katika wiki za usajili, kabla ya mhadhara wa kwanza kutolewa.

Dhana iliyo kongwe zaidi ni kwamba mwanafunzi kiziwi au asiyeona ana vyuo vyake, na kwamba chuo cha kawaida kikimpokea huwa kimemfanyia hisani. Ni kweli kwamba eneo la magharibi mwa Kenya lina taasisi za aina hiyo, kama vile chuo cha ufundi cha viziwi cha Nyang'oma karibu na Bondo, na kile cha Sikri katika Kaunti ya Homa Bay kinachofunza viziwi na wasioona. Hata hivyo, hayo ni machaguo miongoni mwa mengine. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu wowote haki ya kufikia taasisi za elimu zilizochangamana na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza mtu kunyimwa nafasi ya masomo kwa sababu ya ulemavu pekee iwapo ana uwezo wa kuimudu kozi, na ikazitaka taasisi zizingatie mahitaji yake katika masharti ya kujiunga, mitihani, ratiba na matumizi ya majengo. Sheria hiyo imepisha ile mpya ya 2025, lakini msingi wa Katiba ni ule ule, na haki haiombwi kama msaada.

Wengine hudhani kwamba ulemavu uliotajwa katika maombi ya KUCCPS, shirika la serikali linaloshughulikia nafasi za vyuo, tayari unajulikana chuoni kote. Kazi ya KUCCPS ni kuwapangia wanafunzi nafasi. Anayegawa vyumba vya mihadhara ni mtu mwingine kabisa, naye mara nyingi huwa na idadi ya wanafunzi tu mbele yake. Kwa hiyo, mwanafunzi afanye vyema kumwandikia mapema mkuu wa wanafunzi, yaani ofisa wa chuo anayeshughulikia maslahi yao, na kumpa nakala msajili wa masomo pamoja na mwenyekiti wa idara. Barua isijae majina ya maradhi, bali ieleze kinachohitajika: sipandi ngazi, ninasoma kwa programu inayosoma skrini kwa sauti, ninahitaji mkalimani wa lugha ya ishara. Nami nasisitiza kwamba mzigo huu haufai kuachiwa mwanafunzi peke yake, kwa sababu chuo kingeweza kuuliza swali hilo katika fomu yake ya usajili na kuhakikisha jibu limemfikia mwandalizi wa ratiba.

Kuhusu majengo, husemwa kwamba penye njia ya mteremko mlangoni pana ufikivu. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu ihitaji sentimita 12 za urefu. Yaani kibaraza chenye kimo cha sentimita 45 kinahitaji mteremko wa mita 5.4. Penye mteremko wa mita 2 tu, mwenye kiti cha magurudumu hapandi bila kusukumwa, na akishuka anahatarisha maisha yake. Tena mlango wa jengo ni mwanzo tu wa safari. Maabara iliyo ghorofa ya pili haifikiki, na lifti inayotegemea umeme unaokatika katikati ya siku humwacha mwanafunzi juu, asijue atashukaje. Inasikitisha kuona mikutano mingi ikitumika kujadili gharama ya kubomoa na kujenga upya, ilhali suluhisho la haraka halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji: somo lililopangwa ghorofani lihamishiwe chumba cha chini. Jambo hilo huwa jepesi ratiba ikiwa bado haijatangazwa, na huwa gumu sana baada ya vyumba vyote kugawanywa. Ndiyo sababu barua ya mwezi wa Agosti huwa na nguvu kuliko malalamiko ya Oktoba.

Usajili wa mtandaoni nao hudhaniwa kuwa umemaliza tatizo la asiyeona, kwa kuwa hapangi tena foleni. Programu ya kusoma skrini, kama vile TalkBack iliyomo katika simu nyingi za Android, husoma maandishi, lakini picha ya maandishi mara nyingi haiisomi kwa uhakika. Orodha ya kozi iliyopigwa picha na kupakiwa mtandaoni, au kitufe kisicho na jina, kwake mara nyingi ni sawa na ukimya. Vivyo hivyo kwa muhtasari wa mihadhara: faili iliyochapwa husomeka, karatasi iliyoskeniwa bila kugeuzwa kuwa maandishi haisomeki kwa uhakika.

Mwanafunzi kiziwi huambiwa aketi mbele na apewe muhtasari, basi ametoshelezwa. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala si Kiingereza kilichotiwa mikononi, na kusoma midomo hakutoshi mhadhiri anapogeukia ubao. Kinachohitajika ni mkalimani, naye ahitaji kupewa istilahi za somo mapema ili asikutane nazo kwa mara ya kwanza mbele ya darasa. Mhadhara ukiwa mrefu, wakalimani wawili hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu uchovu hupunguza usahihi. Mkalimani asimame karibu na mhadhiri, penye mwanga. Taa zikizimwa ili projekta ionekane vizuri, mwanafunzi huyo amefungiwa nje akiwa ndani ya ukumbi.

Pia husemwa kwamba asiye na kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hana la kudai. Kadi ina manufaa, na ni vyema kuitafuta kupitia tathmini ya hospitali, lakini Ibara ya 54 haikuiweka haki nyuma ya kadi. Wapo wenye kifafa ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho. Wapo pia wenye ualbino ambao kila mtu anawaona, lakini hakuna anayefikiri kwamba uoni wao hafifu unahitaji kiti cha mbele, mbali na dirisha linaloingiza jua kali la Kisumu.

Muda wa ziada katika mtihani si upendeleo. Mwanafunzi ambaye KNEC, baraza la mitihani la kitaifa, ilimwongezea dakika 30 katika kila karatasi ya kidato cha nne hafiki chuoni akiwa amepona. Ombi lake liandikwe kabla ya ratiba ya mitihani kupangwa, ili muda wa ziada wa karatasi ya asubuhi usimeze mapumziko yake kabla ya ile ya mchana.