Mafuta ya samaki kwa mbwa anayejikuna: maneno ya mtaani na ukweli wake

Mwenye mbwa mwenye muwasho anaijua sauti ile. Saa nane usiku mguu wa nyuma unagonga saruji ya kibaraza, du du du du, unanyamaza, unaanza tena. Asubuhi unamkuta amejilamba vidole vya mbele hadi manyoya yaliyokuwa meupe yamepata rangi ya kutu kwa mate. Ukilitaja jambo hilo mbele ya wafugaji wenzako, chai haijapoa mmoja ameshakwambia: mpe mafuta ya samaki.

Ushauri wenyewe si mbaya. Ubaya uko kwenye mkia wake: "kidonge kimoja kimoja tu, wiki haiishi atakuwa amepona." Nami niliufuata hivyo hivyo kwa mbwa wangu, dume la German Shepherd la kilo 30 na ushei. Nikampa kidonge kimoja kwa siku kumi, sikuona kitu, nikamtangazia kila aliyeuliza kwamba mafuta ya samaki ni biashara ya watu. Baadaye ndipo nikaelewa kuwa nilikosea mambo matatu kwa mkupuo: ugonjwa, kipimo na muda.

"Mbwa akijikuna ana aleji, na mafuta ya samaki ni dawa ya aleji"

Kujikuna ni dalili, na dalili hiyo ina wenyewe wengi. Kwa mazingira yetu mshukiwa wa kwanza ni kiroboto. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hahitaji kuwa na viroboto mia. Kuumwa mara chache kunatosha kumfanya ajing'ate kiunoni na kwenye shina la mkia mpaka ngozi ibaki wazi. Kwa hiyo usiseme "nimetazama, sijaona mdudu." Mchane kwa chanuo la meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe, kisha yadondoshee maji yale madoa meusi yanayoanguka kama vumbi la pilipili manga. Yakichuja wekundu, ile ni damu ya mbwa wako iliyopita tumboni mwa kiroboto. Mimi karatasi yangu ilikuwa nyekundu hata kabla sijamaliza upande mmoja.

Kuna na ukurutu, ule wa utitiri, unaoanzia kwenye kingo za masikio na viwiko, na mara nyingine watu wa nyumbani nao wanaanza kuwashwa mikono. Kuna fangasi, kuna bakteria wa ngozi, kuna mzio wa chakula. Katika kesi za mzio wa chakula kwa mbwa zilizokusanywa na watafiti, nyama ya ng'ombe ndiyo iliyoongoza, ikifuatwa na maziwa, kuku na ngano.

Kwa upande wa muwasho, mafuta ya samaki yana ushahidi wa maana mahali pamoja hasa: kwenye aleji ya mazingira, inayoitwa atopi. Hapo mwili wa mbwa unapambana na utitiri wa vumbi, chavua au ukungu kana kwamba ni adui. Mara nyingi huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 3, na hushika nyayo, masikio, makwapa, tumbo na uso. Ikiwa tatizo ni viroboto, mwage mafuta debe zima, viroboto wataendelea na karamu yao. Tibu mbwa, tibu wanyama wenzake wa nyumbani, fua au choma matandiko, safisha banda, kwa sababu mayai ya kiroboto hayakai mwilini. Yanaanguka pale anapolala.

"Kidonge kimoja kwa siku kinatosha"

Hapa ndipo wengi wanapopoteza hela yao, basi tukae kidogo.

Mbele ya kopo pameandikwa kwa maandishi makubwa: miligramu 1,000. Huo ni uzito wa mafuta yote yaliyomo ndani ya kidonge. Kinachofanya kazi kwenye ngozi ni asidi mbili za omega-3, EPA na DHA, na hizo utazikuta nyuma ya kopo kwa maandishi ya kutafutia miwani. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 huwa na EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120. Jumla 300. Zilizobaki 700 ni mafuta mengine tu.

Sasa kipimo. Kanuni inayotumiwa na madaktari wengi wa mifugo kwa atopi ni miligramu 125 za EPA na DHA zikijumlishwa, mara uzito wa mbwa uliopandishwa kipeo cha 0.75. Kipeo kisikutishe, maana yake ni kwamba mbwa wa kilo 30 hahitaji mara tatu ya yule wa kilo 10. Ukiipiga hesabu, mbwa wa kilo 10 anahitaji kama miligramu 700 kwa siku, wa kilo 20 kama 1,180, na wa kilo 30 kama 1,600. Kwa vidonge vile vya kawaida, huyo wa kilo 30 anahitaji zaidi ya vitano. Mimi nilikuwa nampa kimoja. Ni kama kumwagilia shamba la mahindi kwa kikombe cha kahawa halafu ulilaumu shamba.

Vipo vidonge vilivyokolezwa vyenye EPA na DHA nyingi zaidi, na yapo mafuta ya chupa yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Navyo visome nyuma, si mbele. Usianze na kipimo kizima. Anza na robo, ongeza taratibu kwa wiki mbili tatu, la sivyo utalipwa kwa kuhara kwenye kapeti. Ukomo nao upo: kiwango cha juu kilichokadiriwa kuwa salama ni miligramu 370 kwa kanuni ile ile, yaani kama 2,080 kwa mbwa wa kilo 10. Na kumbuka ni mafuta. Vidonge vitano ni gramu 5, kalori kama 45, kila siku. Kwa mbwa mnene hilo si jambo dogo.

"Wiki mbili zimepita hakuna nafuu, basi hayafanyi kazi"

Vidonge vya kuzuia muwasho vinaweza kuonyesha matokeo siku hiyo hiyo. Mafuta haya yana njia nyingine kabisa. Kuta za seli za ngozi zimejengwa kwa mafuta, na humo mna omega-6 iitwayo asidi ya arakidoniki. Ngozi ikichokozwa, asidi hiyo hugeuzwa kuwa kemikali zinazoleta wekundu, joto na muwasho. Unapomlisha mbwa EPA kila siku, inaingia ukutani tofali kwa tofali na kuchukua nafasi za ile nyingine, na kemikali zinazotokana nayo ni za upole zaidi. Ujenzi wa namna hiyo hauishi kwa siku kumi. Miongozo ya wataalamu wa ngozi inataka usitoe hukumu kabla ya miezi miwili. Wengi husubiri wiki 12.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa mbwa 60 wenye atopi waliokuwa wakitumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza muwasho. Wengine walipewa mchanganyiko wa mafuta ya samaki na mafuta ya mbegu, wengine mafuta yasiyo na kitu, na wenye mbwa wakaambiwa wapunguze au waongeze prednisoloni kulingana na muwasho. Waliopata mchanganyiko walihitaji prednisoloni kidogo zaidi, lakini tofauti ilijitokeza baada ya siku ya 64. Sitini na nne! Mimi siku ya kumi nilishafunga jalada.

"Ukianza mafuta ya samaki, dawa zote tupa"

Utafiti huo huo unajibu. Mbwa wale hawakuacha dawa, walipunguza. Mafuta ya samaki ni msaidizi: mbwa mwenye muwasho mdogo huenda akatulia kwayo, mwenye muwasho mkali atahitaji dawa pia, na mbwa aliyejikuna mpaka ngozi inatoa maji hatakiwi kusubiri miezi miwili. Aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu asikatishwe ghafla kwa sababu kopo jipya limefika; mwili wake umeshazoea kupata steroidi kutoka nje, na kuipunguza kunahitaji ratiba ya daktari.

Ila hapo kwenye kupunguza ndipo thamani yake ilipo. Mbwa anayechomwa sindano ya steroidi kila muwasho unaporudi ataanza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa ovyo na kunenepa, na ngozi yake itakuwa nyembamba. Kitu kinachompunguzia dozi hiyo hata kwa theluthi, mimi nakipokea kwa mikono miwili.

"Mafuta ya samaki ni mafuta ya samaki, yawe ya papa au kodliva"

Hapana, na hili ni la hatari kuliko yote. Mafuta tunayozungumzia hukamuliwa kwenye mwili wa samaki wa baharini wadogo wenye mafuta, kama dagaa wa baharini. Kodliva ni mafuta ya ini, na ini ni ghala la vitamini A na D. Ukitafuta miligramu 1,600 za EPA na DHA kwenye kodliva, vitamini hizo zitakuja kwa kapu. Hazitoki kirahisi kwenye mkojo kama vitamini C, zinalimbikizana. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu na figo huumia.

Watu wa pwani wanaijua sifa, mafuta ya ini la papa yanayopakwa majahazi ili mbao zisipasuke. Harufu yake inakufikia kabla chombo hakijafika gati. Nimewahi kuambiwa, kwa nia njema kabisa, nimlishe mbwa kijiko kimoja cha hayo. Sifa ibaki kwenye jahazi. Mafuta ya sangara ya kanda ya ziwa, yaliyokwisha kukaangia, nayo si mbadala: EPA na DHA haziupendi moto, na chupa ya maji iliyojazwa mafuta sokoni haina lebo ya kukuonyesha kipimo.

"Wangu anakula ugali na dagaa kila siku, ameshapata omega-3"

Ningependa iwe kweli, maana nusu ya mbwa wa Dar wangekuwa na ngozi za maonyesho. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, ni chakula kizuri cha protini na kalsiamu. Lakini huanikwa juani, na mafuta ya omega-3 huharibika haraka yakipigwa jua na hewa. Wale wa bei nafuu wanaouzwa kama dagaa wa mbwa wamekaa kwenye gunia muda ambao hata muuzaji hakumbuki. Mpe kama chakula, waoshe mchanga na chumvi kwanza, ila usiwahesabu kama kipimo. Na wako mbwa wachache wenye mzio wa samaki wenyewe. Kwa mbwa hao dagaa wataongeza kujikuna.

"Alizeti, nazi au mbegu za kitani ni yale yale"

Alizeti hung'arisha manyoya, kweli, kwa sababu ina omega-6 inayosaidia ngozi kushika unyevu. EPA haina. Nazi haina omega-3 ya kutajwa. Kitani na chia vina omega-3 ya mimea, lakini mwili wa mbwa huigeuza kuwa EPA kwa shida, na DHA karibu hakuna.

"Mpake kwenye ngozi, ndiko anakowashwa"

Atayalamba yote na kunuka wiki nzima, na kinachopita hapo ngozini hakipimiki. Na kwa kuwa tumefika kwenye kupaka: oili chafu ya gereji si dawa ya ukurutu. Ni sumu anayoilamba, na inamuunguza ngozi ambayo tayari imechubuka. Daktari wa mifugo ana dawa za utitiri zinazofanya kazi.

"Ni kitu cha asili, hakina madhara"

Kuhara na pumzi yenye shombo ni vya kawaida mwanzoni. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe mafuta haya bila daktari kujua. Kwa dozi kubwa yanaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, kwa hiyo kama mbwa anakwenda kuhasiwa, sema mapema. Peremende laini za omega-3 za watoto usimpe kabisa. Baadhi hutiwa utamu wa zailitoli, ambao hushusha sukari ya mbwa ghafla na unaweza kumuua.

Na joto letu lisisahauliwe. Kopo lililokaa juu ya kabati la jikoni miezi minne Dar es Salaam linaweza kuwa limeshachacha, na mafuta yaliyochacha huuchokoza mwili badala ya kuutuliza. Nunua kopo dogo, liweke kwenye friji, na kila baada ya wiki kadhaa pasua kidonge kimoja unuse. Harufu ya samaki wa leo sawa. Harufu ya rangi ya mafuta, tupa. Kazi hiyo ifanye mwenyewe. Wangu aliwahi kula kichwa cha kibua cha siku tatu kutoka jalalani, akarudi anajilamba midomo.