Mpangaji wa mikutano na hafla ni nani hasa?

Ukimwambia mtu hapa Lubumbashi kwamba kazi yako ni mpangaji, atakuuliza unakaa kwa nani, maana hilo neno tumezoea kulitumia kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana wengi tunasema tu organizatere. Na hata hapo bado watakuuliza, kumbe ni wewe unapambaga sale, yaani ukumbi? Unaletaga sono, vyombo vya muziki? Hapana. Anayepamba ni dekoratere, wa chakula yupo, wa muziki yupo, wale vijana wa sare wanaokupeleka mpaka kwenye kiti ni protokole. Mpangaji ndiye anahakikisha wote hao wanafika, kila mtu anajua saa yake, akonti, yaani malipo ya kwanza, imelipwa, na mmoja akikosa kuna mwingine wa kumpigia.

Kazi inaanzia mbali sana na siku yenyewe. Watu wangapi, feza ngapi, hafla ni ya nini. Kutoka hapo unatoa devi, karatasi ya makadirio ya bei, halafu unatafuta sale, na kwenye sale ndipo watu wanaumiaga. Meza ya mviringo ya mita 1.8 inakaliwa na watu 10, ya mita 1.5 watu 8, kwa hiyo wageni 200 ni meza 20 kubwa ama 25 ndogo, na hapo hujahesabu meza ya maharusi, pa kuchezea na njia ya wanaobeba sahani. Mwenye sale akikuambia inaingiza 200, nenda na metre yako upime.

Kisha kuna karatasi ya saa, hii ndiyo roho ya kazi kabisa. Ndoa ya serikali kwenye komini saa nne, kanisa saa saba, picha, sale saa kumi na mbili, sawa, lakini katikati ya hiyo mistari nani anashika funguo ya sale, keki inapanda gari gani, namba ya dereva iko kwa nani? Kama haijaandikwa basi hakuna anayeifanya.

Mikutano ya kazi ni mambo yale yale ila makosa yanaonekana haraka. Hapa mjini kuna DRC Mining Week, mkutano mkubwa wa madini, kila mwaka, watu wanatoka nchi nyingi, na mkutano kama huo unahitaji beji, wakalimani, magari ya kutoka uwanja wa ndege, vyumba vya hoteli. Na ukiwa na mtu wa Kinshasa anayeingia kwa intaneti kumbuka sisi tuko mbele yao saa moja, andika saa za pande zote mbili kwenye mwaliko.

Kuna ndoa moja huko Kampemba siwezi kuisahau. Kurani, yaani umeme, ikakatika wakati wa chakula, jeneretere ilikuwepo, niliambiwa imejaa mafuta na mimi nikaamini. Tanki lilikuwa kavu. Tulikaa gizani karibu dakika 40, nyanya wa bibi harusi ameshika sahani mapajani anangoja amulikiwe na simu, niliona aibu kubwa. Tangu siku ile nafungua tanki mwenyewe, naingiza kijiti naona mafuta yanafika wapi, halafu naiwasha robo saa na sono ikiwa inapiga, maana mashine inaweza kuwaka vizuri halafu ikazimika ukiipa mzigo.

Kama unataka kuifanya kuwa kazi yako ya maisha, protokole ni mlango mzuri, unaona kila kitu kutoka chini. Kwa upande wa vyeti, kinachojulikana zaidi duniani ni CMP (Certified Meeting Professional), cha wapangaji wa mikutano, kipo tangu 1985, kuna mtihani, na wanataka uoneshe kwanza kwamba umeshafanya kazi yenyewe. Malipo, wengine wanachukua bei moja kwa hafla nzima, wengine asilimia ya bajeti, mara nyingi 10 mpaka 20. Shida kubwa hapa kwetu ni ndugu, wanakuambia, yaya (mkubwa wetu), utusaidie tu, ni ndoa ya mdogo wako. Mimi naona hata kwa ndugu utoe devi iliyoandikwa, ukitaka kupunguza punguza, lakini waone kwenye karatasi kwamba zile wiki sita za kupiga simu na kuzunguka masale zina bei. Na uitoe kabla komite ya ndoa haijaanza kuchanga, wakishagawa feza wewe hautakuwa ndani ya hesabu.