Kijerumani cha viungo vya mwili: pitia Kiswahili, Kiingereza weka pembeni

Nyie mnaojiandaa na mitihani ya Kijerumani ya B1 au B2 (ngazi za kati), hasa manesi mnaotaka kwenda kufanya kazi Ujerumani, kuna kitu nakiona kila kozi na kinaniuma kwa sababu dawa yake tunayo nyumbani. Mwanafunzi anataka kusema jamaa kamkanyaga mguu, anaanza kutafuta "mguu wangu" kwa Kijerumani, maana kichwani kapitia Kiingereza kwanza. Mjerumani anasema "Er ist mir auf den Fuß getreten". Sasa iangalie hiyo mir (yani mimi, kwangu) halafu angalia "ameNIkanyaga mguu". Mwenye mguu yuko ndani ya kitenzi, mguu wenyewe umebaki mtupu, hauna "wangu" wala nini. Ndo hivyo hivyo kwa "Ich wasche mir die Hände", nimenawa mikono, nani kwetu anasema nimenawa mikono yangu? Ukisema meine (yangu) utaeleweka, ila haisikiki kama mtu anayeongea lugha yake.

Nasisitiza hili kwa sababu misemo mingi ya mwili imejengwa juu ya hiyo mir na dir (wewe, kwako), ukiishika dativu, yani umbo hilo la anayeguswa na tendo, kwa njia ya Kiswahili misemo inakaa yenyewe. "Du gehst mir auf die Nerven", unanikera. "Es steht mir bis zum Hals", yamenifika shingoni, yani hapo hata shingo ni ile ile.

Ila "Ich drücke dir die Daumen" iangalie kwa makini. Neno kwa neno ni nakubania madole gumba, lakini madole ni ya nani? Ni yangu mimi, siyo yako. Hiyo dir inafanya kazi ya kauli yetu ya kutendea, kama nakuombea, nakupikia. Mtu anakunja ngumi, dole gumba linaingia ndani, vidole vinne vinalifunika, maana yake anakutakia heri. Ukipata meseji hiyo asubuhi ya mtihani ujue mtu yuko upande wako, mjibu "Danke!" uingie chumba cha mtihani.

Sasa wodini. Mgonjwa akikwambia "Ich habe Rücken", neno kwa neno ana mgongo, lakini anaumwa mgongo, ni lugha ya mtaani hiyo na utaisikia. Lakini ndugu wa mgonjwa akisema "Das geht mir an die Nieren" usikimbilie kuandika figo kwenye ripoti! Figo zake ni nzima, anasema jambo hili linamuumiza sana moyoni. Figo kwenye Kijerumani ni mahali pa hisia za ndani kabisa, na Biblia imechangia sana, fungua Yeremia 17:10 kwenye Biblia ya Kijerumani ya Luther ukute Mungu anachunguza Herz na kupima Nieren. Mpaka leo wakikagua gari kwa undani wanasema wamelikagua "auf Herz und Nieren", moyo na figo.

Ini nalo lina yake. Zamani walichukulia ini ni makao ya hasira, kwa hiyo mtu akinuna bila sababu inayoeleweka anaulizwa "Welche Laus ist dir über die Leber gelaufen?", chawa gani kakupitia juu ya ini, chawa maana kilichomuudhi ni kidogo tu. Sisi ini letu limebeba uchungu zaidi kuliko hasira, maneno yake yamenikata maini, kwa hiyo hapa usihamishe moja kwa moja.

Na kuna mtego mmoja mbaya kweli. Kiswahili mwalimu akikukatisha tamaa unasema amenivunja moyo. Ukiipeleka hivyo hivyo, "Er hat mir das Herz gebrochen", sarufi ni safi kabisa na dativu iko mahali pake, ila umeshamwambia Mjerumani kwamba huyo mwalimu mlikuwa mnapendana akakuacha. Sema "Er hat mich entmutigt".

Mingine haina shida, mmeshaijua tangu utotoni. Mwizi kwetu ana mkono mrefu, kwao anafanya vidole virefu, "lange Finger machen". Njia ya mwongo ni fupi, kwao ni miguu ya uongo ndo mifupi, "Lügen haben kurze Beine". Maneno yasiyo na kichwa wala miguu kwao hayana mkono wala mguu, "weder Hand noch Fuß", na ukisifiwa kwamba mpango wako "hat Hand und Fuß" umepangilia vizuri. Bosi akitaka kuongea na wewe "unter vier Augen", chini ya macho manne, anataka faragha tu, macho mawili yake mawili yako, haina maana umefanya kosa.

Mwisho, ukichoka na jambo unaweza kusema "Ich habe die Nase voll", pua imejaa, ni ya kawaida tu ingawa siyo ya kumwambia mgonjwa. Utasikia pia "die Schnauze voll". Hiyo iache kwanza, Schnauze ni mdomo wa mnyama, na mgeni akiitumia kazini inasikika kali kuliko akiitumia mwenyeji.