Kwa nini Mkenya aliyekatwa ushuru kila mwezi bado hupigwa faini mwezi Julai?

Chukua mwalimu wa shule ya upili mjini Eldoret. Mshahara humfikia ukiwa umeshakatwa ushuru, na mwaka mzima hadaiwi hata senti moja. Hata hivyo, tarehe 30 Juni ikipita bila yeye kuwasilisha ritani, yaani hesabu ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Ushuru nchini, KRA, inamwandikia faini ya shilingi 2,000. Faini kamili kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ni ipi kubwa zaidi. Huyu hadaiwi kitu, kwa hiyo anatozwa hizo 2,000.

Wengi huona hapo wameonewa. Sheria lakini inahesabu mambo mawili: kulipa, na kutoa hesabu. PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ni malipo ambayo mwajiri huyafanya kwa niaba yako, naye anajua mshahara aliokulipa yeye tu. Hajui kama una nyumba unayopangisha Kitengela, kama unafundisha chuoni jioni, wala kama ulibadilisha kazi mwezi Agosti. Ritani ndiyo mahali pekee mapato yako yote ya mwaka yanapokutana, na wa kuiandika ni wewe. Kila upande una tarehe zake, na anayezichanganya ndiye anayelipa faini.

Kalenda yako imo kwenye PIN

Hakuna kalenda moja ya ushuru kwa Wakenya wote. Tarehe zinazokuhusu zinatokana na majukumu yaliyoandikishwa kwenye PIN yako, yaani namba yako ya mlipa ushuru. Ingia iTax, mtandao wa KRA wa ushuru, pakua cheti cha PIN, usome jedwali la majukumu: kila ushuru unaotarajiwa kuutolea hesabu umeorodheshwa hapo pamoja na siku ulipoanza. Watu hukitumia cheti hicho miaka na miaka kufungulia akaunti za benki bila kulisoma jedwali hilo hata mara moja.

Mapato ya mtu binafsi ndilo jukumu ambalo karibu kila mwenye PIN analo. Ndiyo maana mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa HELB, akakaa miaka minne chuoni bila kazi wala ritani, hukuta anadaiwa shilingi 8,000 siku ambayo mwajiri wake wa kwanza anamwitisha cheti cha uzingatiaji ushuru. Hakuwa na mapato, na bado alipaswa kuwasilisha ritani ya sufuri kila mwaka. Kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Kwa biashara, jukumu linalosahauliwa ni la duka lililofungwa. Ukijisajili kwa VAT, ushuru wa thamani ya bidhaa na huduma, kisha biashara ikafa, jukumu halifi nayo. Ritani ya kila mwezi inaendelea kudaiwa mpaka uombe liondolewe na ombi likubaliwe, na kila ritani ya VAT iliyochelewa ina faini isiyopungua shilingi 10,000. Duka lililofungwa Januari bila taarifa laweza kuwa na deni la laki moja kabla ya Krismasi.

Tarehe 9 na tarehe 20

Mwaka wa mapato wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Ndani yake tarehe mbili zinajirudia kila mwezi.

Tarehe 9 ni ya waajiri. PAYE ya mwezi uliopita iwe imetangazwa na kulipwa kufikia siku hiyo, na makato ya nyumba, SHIF (bima ya afya) na NSSF (akiba ya uzeeni) ni busara kuyamaliza pamoja nayo. Mwenye biashara ndogo aone uzito uliopo hapa: kuchelewesha ritani ya PAYE ni asilimia 25 ya ushuru husika au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Ni faini kali kuliko ile ya mtu binafsi, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa pesa hizo zimeshatoka mfukoni mwa mfanyakazi na mwajiri amezishika tu.

Tarehe 20 ina foleni ndefu zaidi. Kuna VAT kwa wenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Kuna ushuru wa mauzo, maarufu kama TOT, kwa biashara inayouza zaidi ya milioni 1 lakini isiyopita milioni 25. Kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo, bila kutoa gharama yoyote: saluni inayoingiza shilingi 150,000 kwa mwezi inalipa 4,500, iwe imepata faida au hasara. Na kuna ushuru wa kodi za nyumba za kuishi, asilimia 7.5 kwa mwenye nyumba anayekusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Nyumba ikikuletea 40,000 kwa mwezi, unalipa 3,000. Mpangaji akihama na nyumba ikakaa tupu, ritani ya mwezi huo bado inaenda, ikiwa na sufuri.

TOT na ushuru wa nyumba za kupangisha ni malipo ya mwisho kwa mapato hayo, yaani hayatozwi tena mwisho wa mwaka. Hilo limewafanya wengi waamini kwamba ritani ya Juni haiwahusu. Kama jukumu la ushuru wa mapato limo kwenye PIN, ritani ya mwaka inadaiwa vilevile.

Mtego wa Aprili

Tangazo la KRA ambalo kila mtu amelisikia ni la 30 Juni. Lakini tarehe inayogharimu pesa nyingi zaidi ni 30 Aprili, nayo haizungumzwi. Juni ni mwisho wa kuwasilisha ritani. Ushuru wa mwaka uliobaki bila kulipwa, kama upo, mwisho wake ni siku ya mwisho ya mwezi wa nne. Anayeketi Juni kujaza ritani na kugundua anadaiwa, amekwisha kuchelewa miezi miwili.

Nani hugundua hivyo? Mara nyingi ni mtu wa kazi mbili. Tuseme mhadhiri anafundisha vyuo viwili jijini Nairobi, na kila chuo kinamlipa shilingi 40,000 kwa mwezi zinazotozwa ushuru. Kila mwajiri anahesabu kana kwamba yuko peke yake: 24,000 za kwanza kwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, zilizobaki kwa asilimia 30, kisha anatoa nafuu, yaani punguzo la ushuru, ya shilingi 2,400. Kila chuo kinakata takriban 4,383, jumla 8,767. Lakini sheria inamtambua mtu mmoja mwenye mapato ya 80,000 na nafuu moja tu, na ushuru wa 80,000 ni 16,383. Pengo ni shilingi 7,617 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima ni karibu 91,400. Hakuna aliyeiba hapo. Viwango vya chini na nafuu vimetumika mara mbili, basi.

Akilipa 91,400 hizo tarehe 30 Juni badala ya 30 Aprili, anaongezewa asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, yaani 4,570, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, ambayo kwa miezi miwili ni 1,828. Jumla inakaribia shilingi 6,400 kwa kosa la kuamini tarehe ya kwenye tangazo.

Wafanyabiashara na washauri wanaojitegemea hawatakiwi hata kuisubiri Aprili hiyo. Ambaye ushuru wake wa mwaka unazidi shilingi 40,000, nje ya ule uliokatwa kwa PAYE, hulipa kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe: tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, robo kila mara. Njia rahisi ya kukadiria ni kuchukua ushuru wa mwaka uliopita na kuongeza asilimia 10. Ulitozwa 120,000 mwaka jana? Kadirio ni 132,000, na kila awamu ni 33,000. Biashara ikidorora unaweza kutumia kadirio la mwaka huu badala yake, ila uwe na hesabu za kulitetea. Kampuni ambayo mwaka wake wa hesabu hauishii Desemba huhesabu miezi kuanzia mwaka wake: awamu mwezi wa nne, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili, salio mwisho wa mwezi wa nne baada ya mwaka kuisha, ritani mwisho wa mwezi wa sita.

Tarehe ikiangukia Jumapili

Hapa Kenya ina desturi yake inayowanasa hata wahasibu. Mtu hudhani kwamba siku ya mwisho ikiwa Jumapili, basi Jumatatu itakubalika. Sheria ya taratibu za ushuru inasema kinyume: tarehe ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kitaifa, siku ya mwisho inarudi nyuma hadi siku ya kazi iliyotangulia.

Kwa mwaka wa 2026, 20 Juni ni Jumamosi, kwa hiyo mwisho ni Ijumaa tarehe 19. Tarehe 20 za Septemba na Desemba zote ni Jumapili, mwisho ni Ijumaa tarehe 18. Kwa waajiri, 9 Mei ni Jumamosi na 9 Agosti ni Jumapili, hivyo ni Ijumaa tarehe 8 na tarehe 7. Kisha kuna 20 Oktoba, ambayo kila mwaka ni Mashujaa Dei. VAT ya Septemba, kwa hesabu hiyo, haina tarehe 20 hata mwaka mmoja. Idd-ul-Fitr nayo husogea na mwezi, na ikitua kwenye tarehe 9 au 20 sheria ni ileile. Ukiweka kengele kwenye simu, iweke tarehe 5 na tarehe 15, si 9 na 20. Siku hizo chache zinameza wikendi, sikukuu na mtandao kulala.

Kinachokwama mezani

Mtandao wa iTax kulemewa wiki ya mwisho ya Juni ni jambo linalojulikana, lakini si mtandao pekee unaochelewesha watu. Wengi hukwama kwenye fomu ya P9, ile ambayo mwajiri hukupa kuonyesha mshahara na ushuru aliokukata mwaka mzima. P9 yako inaonyesha ulikatwa PAYE miezi 12, lakini ukifungua ritani iTax inaonyesha miezi 10. Maana yake ni kwamba mwajiri hakukuorodhesha kwenye ritani yake ya miezi miwili, na wa kurekebisha ni yeye. Ukiligundua Februari, kuna muda. Ukiligundua 28 Juni, mhasibu wa kampuni hapokei simu. Kwa hiyo itisha P9 mapema mwaka unapoanza, na uilinganishe na iTax palepale.

Mwenye mshahara pekee anaweza kujaza ritani moja kwa moja mtandaoni. Mwenye biashara hupakua faili la Excel, na lisiporuhusiwa kuendesha makro (programu ndogo zilizomo ndani yake), kitufe cha kuhakiki hakifanyi kazi. Faili likikubali kuhakikiwa linatoa faili jingine la zip, na hilo ndilo la kupandisha. Gharama za biashara zilizoandikwa humo ziwe na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 1 Januari 2024, isipokuwa kwa mambo machache yaliyosamehewa, gharama isiyo na ankara hiyo haipunguzi ushuru.

Halafu kuna wanaojaza sufuri kwa sababu ndiyo njia fupi. Mwenye mshahara akiwasilisha ritani ya sufuri ametoa taarifa ya uongo, na PAYE yake yenyewe, iliyomo kwenye mfumo, inamsuta.

Ritani haijafika mpaka upate risiti ya kuthibitisha kupokelewa. Ihifadhi. Kama unadaiwa, toa namba ya malipo kwenye iTax na ulipe benki au kwa M-Pesa kupitia Paybill 222222, namba ya malipo ikiwa ndiyo akaunti. Kutoa namba hiyo si kulipa, na kulipa si kuwasilisha ritani. Kumbukumbu zote zikae miaka 5.

Ukichelewa au ukikosa pesa

Anayeogopa deni huelekea kutowasilisha kabisa, na hapo anajiongezea. Faini ya kuchelewa kuwasilisha na faini ya kuchelewa kulipa ni mbili tofauti. Peleka ritani kwa wakati hata kama mfuko mtupu, na ya kwanza inakuepuka. Halafu andikia KRA uombe kulipa kwa awamu. Riba inaendelea kuhesabiwa, lakini ni riba ya kawaida isiyozaa juu ya riba, na haiwezi kuzidi deni lenyewe.

Kuna pia ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha ritani. Lazima lifike kabla ya tarehe ya mwisho, na hata likikubaliwa halisogezi tarehe ya kulipa. Kukosea kunarekebishika, kwa kuwa ritani iliyokwisha kuwasilishwa inaweza kubadilishwa. Msamaha wa faini na riba nao huja, ila si wa kutegemea. Ule ulioisha 30 Juni 2025 uligusa madeni ya hadi 31 Desemba 2023 tu, na aliyekuwa na deni la 2024 hakupata chochote.