Je, wajua kwa nini ukifuta rekodi, faili halipungui?

Karani wa chama kimoja cha msingi cha ushirika huko Tandahimba alinipigia simu wiki chache kabla ya msimu wa korosho. Alikuwa amefuta maelfu ya mistari ya mapokezi iliyoingizwa mara mbili, na faili la kanzidata likabaki na ukubwa uleule. Tena umeme ulikatika punde tu alipomaliza. "Kaka, nimefuta kweli, au umeme umerudisha kila kitu?"

Alikuwa amefuta kweli.

Kwenye skrini yeye huona jedwali: jina la mkulima, tarehe, kilo, daraja. Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza mtumiaji aone majedwali tu, asijihusishe na namna diski ilivyopangwa. Ndiyo maana karani hajawahi kuona kilichomo ndani ya faili. Faili hilo limegawanywa kurasa zenye ukubwa mmoja. PostgreSQL, programu ya kanzidata wanayotumia pale chamani, ina kurasa za kilobaiti 8. Hata ukihitaji mstari mmoja tu, ukurasa mzima hupakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Mpangilio wa ndani ya ukurasa huo mimi naupenda sana. Juu kuna baiti 24 za maelezo ya ukurasa wenyewe. Hufuata vielekezi, yaani alama zinazoonyesha kila mstari uko wapi ndani ya ukurasa, kila kimoja baiti 4, vikishuka chini. Mistari yenyewe hupangwa kuanzia mwisho wa ukurasa ikipanda juu, na nafasi tupu hubaki katikati. Mstari mmoja wa mapokezi ukichukua baiti 104, ukurasa mmoja unabeba mistari 75. Vielekezi vipo kwa sababu mistari hailingani urefu: jina la Issa halichukui nafasi sawa na la Mwanahamisi. Anwani ya mstari ni namba ya ukurasa na namba ya kielekezi, kwa hiyo mstari unaweza kusogezwa ndani ya ukurasa bila anwani yake kubadilika.

Sasa tuje kwenye kufuta. Katika daftari la mapokezi, karani akikosea hachani ukurasa. Hupiga mstari juu ya kosa na kusaini pembeni. PostgreSQL hufanya karibu hivyohivyo: kwenye kichwa cha mstari huandika namba ya muamala (yaani kazi moja ya kanzidata) ulioufuta, na maneno mengine yote hubaki palepale. Huenda wakati huohuo meneja anatoa ripoti iliyoanza dakika moja kabla, naye lazima aone hesabu zilivyokuwa alipoanza. Kusahihisha nako ni hivyo: ukibadilisha kilo 840 kuwa 480, mstari mpya huandikwa na wa zamani hubaki hapo ukiwa umekufa.

Kuhusu umeme, nilimtuliza. Kabla kanzidata haijamjibu kwamba kazi imekubaliwa, mabadiliko huandikwa kwanza kwenye shajara maalumu na kusukumwa hadi diskini. Umeme ukirudi, shajara husomwa upya na kazi hukamilishwa.

Mistari iliyokufa husafishwa baadaye na amri ya VACUUM, ambayo kwa kawaida hujiendesha yenyewe. Hiyo huachia nafasi zitumike tena, lakini kurasa hubaki ndani ya faili. Zinazoweza kukatwa ni zile tupu zilizo mwishoni kabisa. InnoDB, sehemu inayohifadhi data katika MySQL, programu nyingine ya kanzidata, hupanga mistari kwa namna nyingine, lakini nako nafasi ya kilichofutwa kwa kawaida hubaki ndani ya faili.

Ipo VACUUM FULL, inayonakili mistari hai kwenye faili jipya na kulitupa la zamani. Nilimkataza asiiguse. Hufunga jedwali lote hadi imalize, na huhitaji nafasi ya ziada ya diski. Magunia ya kwanza yakianza kupimwa Oktoba, mistari mipya italala palepale ilipokuwa ile aliyoifuta.