Idhini si ithibati: chuo cha sanaa kinapotaka kutoa shahada

Nimelisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu anayekijua Kiswahili vizuri: chuo binafsi cha sanaa huko Marekani "kimeomba ithibati ya jimbo" ili kianze kutoa shahada. Hapana. Kilichoombwa ni idhini. Ithibati ni jambo jingine, hutolewa na watu wengine, na chuo kinaweza kukaa miaka kadhaa kikiwa na moja bila nyingine.

Maana zenyewe ni fupi. Idhini ya kutunuku shahada ni ruhusa ya kisheria ambayo jimbo hukipa chuo ili kiweze kumtangaza mtu kuwa mhitimu wa shahada. Ithibati ni uamuzi wa chombo cha wanataaluma, ambacho kule Marekani si cha serikali, kwamba chuo kinatimiza viwango vilivyowekwa. Ya kwanza inahusu haki, ya pili inahusu ubora. Ningeweza kuishia hapo, lakini kosa lenyewe limejificha ndani ya maneno, kwa hiyo tuanze na maneno.

Shahada tumeipata kutoka Kiarabu, na jamaa zake tunao kila siku mdomoni: shahidi, ushahidi, shuhudia. Muislamu akitoa shahada, anashuhudia. Chuo kikitoa shahada nacho kinashuhudia: tulikuwepo, tulimwona huyu akisoma, tunasema mbele ya watu kwamba amehitimu. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu shahada yoyote haliwi "chuo hiki ni kizuri?" bali "ushahidi wake unapokelewa?" Mtu anaweza kuwa mkweli kupindukia na bado mahakama isimpandishe kizimbani, kwa sababu hakuitwa.

Anayemwita shahidi ndiye mtoa idhini. Neno idhini linatoka kwenye mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa neno la sikio, na adhana, na mwadhini. Kuna kusikia ndani yake. Mwenye mamlaka amelisikia ombi, amelikubali, na kuanzia hapo aliyeomba anaruhusiwa. Angalia kwamba idhini inatazama mbele. Unaweza kumpa mtu idhini ya kujenga kabla hajaweka hata tofali moja.

Ithibati haiwezi hivyo. Hiyo ni ndugu ya thabiti na thibitisha, na thabiti ni kitu kilichosimama kisichoyumba. Huwezi kuthibitisha uthabiti wa nyumba ambayo haijajengwa. Lazima kwanza iwepo, ipigwe na mvua na upepo, ndipo uje uisukume kwa bega na kusema imesimama. Kwa hiyo mtu anaposema chuo "kimeomba ithibati ili kianze", sikio la Kiswahili lingepaswa kushtuka, kwa maana anathibitishaje kitu ambacho hakijaanza?

Mgawanyo huu wala si uvumbuzi wa Wamarekani. Mwaka 1219 Papa Honorius III aliagiza kwamba Bologna, mji wa Italia wenye shule za sheria, asipewe mtu leseni ya kufundisha bila ruhusa ya arkidiakoni wa mji, yaani kiongozi wa kanisa aliye chini ya askofu. Walimu ndio waliompima mwanafunzi, kwa kuwa wao ndio waliojua sheria waliyokuwa wakiifundisha. Arkidiakoni ndiye aliyetoa ruhusa. Mkono mmoja ulipima, mwingine uliruhusu, na tangu hapo mikono hiyo miwili imekuwa ikionekana, ingawa wenye mikono wamebadilika.

Marekani, mkono unaoruhusu ni wa jimbo. Katiba ya shirikisho haitaji elimu popote, hivyo jambo hilo limebaki kwa majimbo. New York ina bodi yake ya kusimamia elimu, iitwayo Regents, tangu 1784. Mengine yana kamisheni au bodi za elimu ya juu, kila jimbo na taratibu zake. Ukihudhuria mahafali huko, subiri ile sentensi ambayo mkuu wa chuo huitamka wahitimu wakiwa wamesimama: kwa mamlaka niliyopewa na jimbo fulani, nawatunuku shahada. Watu huwa wanatafuta kamera wakati huo. Lakini sentensi hiyo ndiyo idhini yenyewe inasomwa kwa sauti, na bila hiyo yote yaliyobaki ni majoho na picha.

Sasa chukua shule binafsi ya sanaa ambayo kwa miaka imekuwa ikitoa vyeti. Inafundisha uchoraji, uchongaji, uchapaji, ufinyanzi. Inataka kutoa shahada ya kwanza. Inaandika ombi nene kwa jimbo, inalipa ada, na wakaguzi wanakuja. Hawaji kuamua kama michoro inapendeza. Wanauliza fedha zipo za kumfikisha mwanafunzi mwisho wa miaka yake? Bodi inaundwa na nani? Chuo kikifungwa, rekodi za wanafunzi zitakwenda wapi? Wanaingia studio ya uchapaji na kuuliza tindikali inahifadhiwa wapi, wanasimama chini ya feni kuona kama inavuta kweli harufu ya tapentaini. Wanahesabu vitabu na kuuliza maktaba inafunguliwa saa ngapi.

Halafu wanafungua jalada la walimu, na hapo shule za sanaa hupata taabu yake ya pekee. Marekani, shahada ya uzamili ya sanaa za ubunifu ndiyo inayohesabiwa kuwa ngazi ya mwisho kwa mwalimu wa studio. Yupo mchongaji aliyeshika patasi miaka thelathini, wanafunzi wanamfuata kama kivuli, na hana karatasi hata moja. Jimbo kwa kawaida halimfukuzi, ila chuo kitalazimika kueleza kwa maandishi kwa nini kazi zake zinalingana na shahada aliyoikosa. Na mtaala nao unabadilika. Shahada ya kwanza huko ni krediti 120 hivi (krediti ni kipimo cha uzito wa somo), na katika shahada ya sanaa za ubunifu takribani theluthi mbili ni studio pamoja na historia ya sanaa. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni masomo ya jumla: uandishi, sayansi, hisabati, historia. Shule iliyokuwa ikifundisha mkono na jicho sasa itafute mwalimu wa biolojia. Naona ni vema, lakini nawaelewa walimu wanaohofia saa za studio.

Tuseme jimbo limekubali. Chuo kimepata idhini, na shahada zake ni halali. Ithibati bado. Vyombo vya ithibati kwa kawaida vinataka kuona kwanza idhini ya jimbo, kisha wanafunzi wakiwa darasani, na mara nyingi hata wahitimu. Kwa hiyo wanafunzi wa mwanzo huingia, na pengine hutoka, kabla ithibati haijafika. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu mikopo na misaada ya masomo ya serikali kuu, ile ya sheria ya elimu ya juu ya 1965, inadai vyote viwili, idhini ya jimbo na ithibati ya chombo kinachotambuliwa. Na vyuo vingine vina hiari ya kuzikataa krediti zilizopatikana mahali pasipo na ithibati.

Hapa ndipo nisipoweza kunyamaza neno likitumiwa ovyo. Januari 2018, Higher Learning Commission, mojawapo ya vyombo vya ithibati vya Marekani, iliziondolea ithibati Art Institute of Colorado na Illinois Institute of Art na kuzirudisha kwenye hadhi ya mwombaji. Madarasa yaliendelea na wahitimu walitunukiwa. Tovuti za vyuo ziliendelea kusema vina ithibati, na wanafunzi wengi hawakuujua ukweli hadi katikati ya mwaka. Mwisho wa 2018 vyuo vyote viwili vikafungwa. Mwanafunzi aliyekuwa akichora bango lake la mwisho mwezi Machi alikuwa na chuo kinachofundisha, mwalimu anayemsahihisha na ada inayodaiwa. Kilichokuwa kimetoweka ni neno moja, na hakuna aliyemwambia limetoweka. Ukilichanganya neno hilo na idhini, huwezi hata kumweleza alichopoteza.

Upande wa pili nao una haki ya kusemwa. Kukosa shahada si kukosa elimu. Black Mountain College, North Carolina, iliishi kuanzia 1933 hadi 1957 bila kupata ithibati kamwe, na ndiko msanii Josef Albers alikofundisha, na wasanii mashuhuri Ruth Asawa na Robert Rauschenberg walikosoma. Pennsylvania Academy of the Fine Arts, iliyoanzishwa 1805, kwa miongo mingi ilitoa cheti chake yenyewe, na mwanafunzi aliyetaka shahada aliipata kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Baadaye ikapata programu zake za shahada, na Januari 2024 ikatangaza kwamba itaziacha. Cheti chake imekibakiza. Mkono wa mchoraji hauongozwi na karatasi ya jimbo, na jimbo halijawahi kudai hivyo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa habari, shule inapopeleka ombi jimboni andika kwamba imeomba idhini ya kutunuku shahada. Jimbo likikubali, andika imeidhinishwa. Katika nchi ambako tume moja ya serikali hufanya kazi zote mbili, maneno haya yameanza kufanana midomoni, na sioni aibu kwa aliyeteleza. Lakini ithibati itunze kwanza. Utaihitaji miaka michache baadaye, wakaguzi wengine watakaporudi kuangalia kama kilichoruhusiwa kimesimama.